Redio Inayoishia 90: Kutengeneza au Kubadili Redio ya Gari la Zamani

Kaa kiti cha mbele kwenye Carina, Corolla au Mark II yoyote ya namba A au B hapa Tabora, kisha tafuta stesheni. Namba zitaanzia 76, zitapanda 80, 85, na zikifika 90 zinarudi mwanzo. Stesheni ulizozoea kuzisikiliza kwenye simu hosteli, zile za 95, 100 na 105, hazipo. Wengi husema redio imekufa. Haijafa. Inafanya kazi vizuri kabisa, ila imetengenezwa kusikiliza nchi nyingine.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tumetoka familia ambazo gari likiwepo ni moja, na ni la mtumba. Likizo ikifika, mtoto wa chuo ndiye anayeitwa: "Wewe msomi, hebu njoo uangalie hii redio." Hata kama unasoma sheria au ualimu, utaitwa tu. Pili, redio ni kazi ndogo inayoweza kuharibu kitu kikubwa. Mjomba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Sikonge, na Carina yake ndiyo gari la wagonjwa la majirani wote usiku. Mwaka jana alibadilishiwa redio. Wiki mbili baadaye, saa nane za usiku, jirani akashikwa na uchungu wa kuzaa, na gari likagoma kuwaka. Betri ilikuwa imenyonywa na redio. Mama yule alifika kituo cha afya kwa bodaboda, tunamshukuru Mungu alifika salama. Redio yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni nyaya mbili tu, na nitazieleza mbele.

Kwa nini inaishia 90

Kila nchi hupanga masafa yake. Tanzania, kama Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya dunia, hurusha FM kati ya 87.5 na 108 MHz. Japani walipanga kivyao: FM yao ilianzia 76 na kuishia 90, na juu ya hapo wakaweka chaneli za kwanza za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilizimwa katika sehemu kubwa ya Japani mwezi Julai 2011, ndipo eneo la 90 hadi 95 likaachiwa redio. Kwa hiyo magari ya karibuni kutoka kule huwa na redio inayofika 95 au zaidi, lakini yale ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ambayo ndiyo mengi mitaani kwetu, huishia 90.

Magari hayo tuliyapenda kwa sababu nyingine. Wajapani nao huendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia kama wetu. Usukani ukalingana na barabara zetu, redio haikulingana na anga letu. Piga hesabu: masafa yetu yana upana wa 20.5 MHz, na redio ya Kijapani inagusana nayo kuanzia 87.5 hadi 90 tu, yaani 2.5. Hiyo ni sehemu moja kwa nane hivi. Ukibahatika, stesheni moja au mbili za mji wako zimo humo. Ukikosa bahati, unasikia mikwaruzo toka asubuhi hadi jioni.

AM haina shida hiyo. Japani na Tanzania wote hupanga stesheni za AM kwa hatua ya 9 kHz, kwa hiyo redio ya Kijapani inakaa sawasawa juu ya stesheni zetu. Tatizo la AM huja kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, maana kule hatua ni 10 kHz, na FM yao huruka kwa 0.2 na kusimama kwenye 88.1, 88.3, 88.5. Stesheni ya 88.4 kwenye redio hiyo utaisikia kwa mbali kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Kiboksi cha kushusha masafa

Madukani mafundi wanakiita ekspanda. Ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, na hakihitaji kukata chochote. Kazi yake ni hesabu ya kutoa. Ndani yake mna kristali inayotetema kwa kasi isiyobadilika, tuseme 20 MHz. Wimbi la stesheni likichanganywa na lile la kristali hutokea wimbi jipya, ambalo ni tofauti ya yale mawili. Stesheni ya 100.0 inashuka hadi 80.0, na ya 104.5 inashuka hadi 84.5. Redio inaiona ndani ya mipaka yake, inacheza.

Hapa ndipo watu wanapouziwa kitu wasichokihitaji. Dirisha la redio ya Kijapani lina upana wa 14 MHz tu, na masafa yetu ni 20.5, kwa hiyo hakuna kiboksi kimoja kinachoweza kuyaleta yote. Cha 20 kitakuletea 96 hadi 108. Cha 12 kitakuletea 88 hadi 102. Kabla hujanunua, kaa na mwenye gari mwandike kwenye karatasi stesheni anazosikiliza kweli. Hapa mjini wapo watu wa VOT, wapo wa CG FM, na wapo ambao bila taarifa ya habari ya TBC Taifa siku yao haijaanza. Tazama namba za stesheni hizo, halafu ndiyo uchague kiboksi. Namba ya kushusha huwa imeandikwa kwenye ganda lake. Kama haikuandikwa, kiache dukani.

Na usitarajie muujiza. Kiboksi hakiongezi nguvu ya stesheni, na cha bei ya chini huongeza mikwaruzo yake mwenyewe. Mjini utakisahau, njiani utakikumbuka.

Njia ya msafara na mwisho wa mawimbi

Njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji haikuwahi kuwa kimya. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa nyimbo na ngoma, mbele yao akiwa kirangozi, na sauti ilisaidia mguu kuendelea. Leo ukitoka Tabora kwa gari kuelekea Sikonge na Mpanda, au Urambo na Kaliua hadi Kigoma, redio itakuimbia kwa muda, halafu itaanza kukatika, halafu utabaki na miombo.

Sababu yake inaeleweka. Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na mstari wa macho, hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Kanuni ya mkato ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata upeo kwa kilomita. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare unafika kilomita 41 hivi. Ukiwa na redio nzuri unaongeza kidogo juu ya hapo. Hata ukinunua redio ya bei mbaya namna gani, haiwezi kukamata wimbi lililopita juu ya kichwa chako.

Kwa hiyo kwa gari la mjini FM ndiyo kila kitu, lakini kwa gari la safari za magharibi unahitaji muziki uliobebwa ndani: CD, kaseti, fleshi au simu. Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza mwenye gari kabla hujashika bisibisi. Gari hili linakwenda wapi?

CD ikigoma, usianze na redio

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, na hadi leo ni teknolojia ya ajabu kidogo. Mstari wa alama juu ya sahani hujizungusha kutoka ndani kwenda nje, na mzunguko mmoja hadi mwingine ni mikromita 1.6. Unywele wako una unene wa mikromita kama 70, kwa hiyo ukilala juu ya CD unafunika mizunguko zaidi ya 40. Taa ya leza inasoma mistari hiyo huku gari likipita juu ya makorongo ya kiangazi. Chembe ya vumbi letu jekundu ikikaa juu ya lenzi, taa inafifia na mashine inaandika "Error" au inazungusha sahani mara mbili tatu na kuitema.

Fuata mpangilio huu, maana ni wa bei ya chini kwenda ya juu.

Kwanza, jaribu CD nyingine, na iwe ile ya kiwandani, siyo ya kuchoma kwenye kompyuta. CD za kuchoma zina tabaka la rangi linalorudisha mwanga kidogo kuliko la kiwandani, na leza iliyochoka huzishindwa hizo kwanza. Zile za kuandika na kufuta huwa hafifu zaidi. Kama ya kiwandani inacheza na ya kuchoma haichezi, ujue leza inazeeka lakini ipo.

Pili, angalia kilichomo. Redio nyingi za zamani husoma CD ya muziki ya kawaida tu, ile isiyozidi dakika 74 au 80. Ukiwa umebandika nyimbo 150 za MP3, mashine haijaharibika, haijui kusoma mafaili. Ichome upya kwa kuchagua CD ya muziki.

Tatu, safisha lenzi. Njia nyepesi ni ile CD maalumu yenye vibrashi vidogo. Njia ya uhakika ni kufungua redio na kupitisha pamba ya kijiti iliyoloa kidogo spiriti ya isopropili, kwa mkono mwepesi, maana lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba sana. Petroli hapana, manukato hapana, mate hapana kabisa. Na usichungulie lenzi redio ikiwa imewashwa: taa yake ina wimbi la nanomita 780, jicho haliioni vizuri, lakini yenyewe inaliona jicho.

Nne, kama CD haiingii au haitoki, tatizo mara nyingi ni mipira na giya za plastiki zinazovuta sahani. Mipira hukauka, hasa gari likilala juani. Usichokonoe kwa kisu. Fundi akifungua ganda la juu, sahani hutolewa bila kuchubuliwa.

Ikishindikana baada ya hapo, leza yenyewe imekwisha. Kubadili leza kunawezekana ukipata redio mbovu ya aina ileile ya kuchinja, lakini kiukweli hapo ndipo hesabu ya kubadili redio nzima inapoanza kuwa na maana.

Kabla ya hapo, naomba jambo moja. Kusanyeni CD zote za nyumbani mzinakili. Nyimbo za wasanii wakubwa utazikuta mtandaoni, lakini kwaya ya kigango iliyorekodi mwaka 2005 ikachoma nakala chache za kuuza mlangoni mwa kanisa, hiyo haipo popote ila kwenye mfuko wa mlango wa gari la mtu. Mjomba ana CD mbili za aina hiyo, na sauti ya pili humo anaimba mama yangu, marehemu. CD ya kuchoma hufifia kwa joto na jua, na dashibodi ya gari ina vyote viwili. Tafuta kompyuta yenye mlango wa CD, nakili kwa ubora kamili usiobanwa, weka nakala sehemu mbili. Kazi ya saa moja.

Njia za kati, bumu likiwa mbali

Siyo lazima kubadili redio ili usikilize simu. Kama redio ina kaseti nzima, ipo kaseti ya uongo yenye waya wa kuchomeka kwenye simu. Ndani yake mna kichwa kidogo cha sumaku kinachokiimbia kichwa cha redio moja kwa moja. Sauti yake ni nzuri kuliko unavyofikiri.

Kama kaseti imekufa, kuna kile kirusha FM cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, chenye Bluetooth na sehemu ya fleshi. Wengi hukinunua, hukiweka kwenye 100 au 105 kama karatasi ya maelekezo inavyosema, wasisikie kitu, wakakirudisha dukani kwa hasira. Kumbuka hesabu yetu ya mwanzo. Kirusha huanza 87.5, redio yako huishia 90. Kiweke katikati ya hapo, mahali ambapo hakuna stesheni, na redio nayo iweke palepale. Kitaimba.

Na kama redio ina tundu la AUX mgongoni, kama zilivyo baadhi, waya mmoja tu unatosha. Angalia kabla hujalipia kitu kingine.

Ukiamua kubadili

Anza na volti. Magari madogo ni 12. Fuso na malori mengi yanayobeba tumbaku ni 24, na redio ya 12 ikiunganishwa moja kwa moja humo huungua sekunde ileile. Lori linahitaji redio yake au kipunguza umeme.

Halafu pima tundu. Vipimo vya kimataifa ni milimita 180 kwa 50 kwa redio nyembamba, na 180 kwa 100 kwa redio pana. Toyota na Daihatsu nyingi zina tundu la 200 kwa 100, kwa hiyo redio ya kawaida inaacha nafasi ya milimita 10 kila upande. Zipo plastiki za kuziba pengo hilo, na zipo redio zilizotengenezwa kwa 200 kabisa. Usikubali dashibodi ichongwe kwa msumeno kwa ajili ya redio uliyoinunua bila kupima.

Kabla ya kukata betri, uliza kama redio iliyopo ina namba ya siri. Magari mengi ya Ulaya, na baadhi ya skrini za Kijapani zenye ramani, zikikosa umeme hujifunga mpaka uingize namba. Kama una mpango wa kuirudisha, itafute namba hiyo kwanza. Ukishajua hilo, toa waya hasi wa betri ndipo kazi ianze.

Sasa nyaya mbili nilizoziahidi. Redio yoyote ya kisasa inaomba umeme mara mbili. Waya wa njano ni wa kudumu: unatoka kwenye betri saa zote, kazi yake ni kutunza saa na kumbukumbu ya stesheni. Waya mwekundu ni wa funguo: una umeme pale tu funguo ikizungushwa, na ndio unaoiambia redio amka au lala. Mweusi ni ardhi. Fundi aliyemhudumia mjomba alikata soketi ya Toyota, akasokota njano na nyekundu pamoja, akaziunga kwenye umeme wa kudumu. Redio ikawaka, wote wakafurahi, akalipwa. Mjomba alipouliza kwa nini inawaka hata funguo ikiwa mfukoni, akajibiwa, "Hiyo ndiyo raha yake, mzee, unasikiliza hata gari likiwa limezimwa."

Raha hiyo ina bei. Nilipoipima baadaye, redio ilikuwa inakula ampea 0.4 hata skrini ikiwa giza, kwa sababu haikuambiwa ilale. Zidisha kwa saa 24: ampea-saa 9.6 kwa siku. Betri ya gari lile ni ya 36, na si mpya. Siku za kazi alikuwa anaendesha, betri inajazwa tena, kwa hiyo shida haikuonekana. Zilipofuatana siku tatu za mapumziko bila gari kuwashwa, karibu 29 zikawa zimeondoka. Kilichobaki hakiwezi kusukuma stata. Gari lenye afya huvuja chini ya ampea 0.05 likiwa limelala, sawa na 1.2 kwa siku, na betri hiyohiyo ingevumilia wiki kadhaa.

Dawa yake ilikuwa dakika 20: kutenganisha nyaya mbili na kuupeleka mwekundu kwenye umeme wa funguo. Nyaya zote mbili zikiwekwa kwenye umeme wa funguo, hasara ni redio kusahau saa na stesheni kila ukizima. Inakera, ila gari linawaka.

Kuna njia ya kutokata kabisa. Toyota za zamani huwa na soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na madukani kuna waya wa kati wenye soketi za kuingia humo. Upande mmoja unachomeka kwenye gari, upande wa pili unaungwa na waya wa redio mpya. Siku ukitaka kurudisha redio ya kiwandani unachomoa na kuchomeka. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kutafuta soketi iliyokatwa.

Usiamini rangi za nyaya za gari, hasa lililopita mikono minne. Pima kwa mita. Funguo ikiwa nje, waya wa kudumu utaonyesha zaidi ya volti 12, wa funguo sifuri. Zungusha funguo hatua ya kwanza, wa funguo nao unapanda. Maungio yachomewe kwa risasi au yabanwe kwa vibano, kisha yavishwe mpira wa kusinyaa kwa joto. Soloteipu peke yake, ndani ya dashibodi iliyolala juani, gundi yake huyeyuka, tepu huteleza na nyaya hubaki uchi. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni njia ya kuchoma gari.

Spika na uongo wa 50W x 4

Kwenye boksi la karibu kila redio utaona "50W x 4". Wanafizikia mtaielewa haraka. Mfumo wa gari injini ikiunguruma ni volti 14.4, spika ni omu 4. Chukua 14.4 mara 14.4 gawa kwa 4, unapata 51.8. Hiyo ndiyo 50 yao: umeme wote ukisukumwa kama tofali, na hapo ni mlio wa kuchanika, siyo muziki. Kwa mlio safi wa wimbi laini nguvu haiwezi kuzidi nusu yake, kama wati 26, na kwa kawaida ni chini ya hapo. Kuna ushahidi mwingine mgongoni: fyuzi ya ampea 10. Kumi mara 14.4 ni wati 144 zinazoingia. Huwezi kuingiza 144 ukatoa 200 mfululizo.

Maana yake ni kwamba redio ya kiwandani na hiyo mpya hazipishani sana kwa nguvu. Sauti ikiwa mbaya, angalia spika kwanza. Spika za karatasi zenye miaka 25 huchanika pembeni. Ijaribu kwa betri ya volti 1.5: gusisha nyaya mara moja, spika nzima inatoa "tap" na karatasi yake inasogea. Ikisogea nje, waya ulio upande chanya wa betri ndio chanya wa spika. Spika mbili zikigeuziwana, moja ikitoka nje nyingine inaingia ndani, besi hufutana na muziki unakuwa mwembamba hata kama kila kitu ni kipya. Na nyaya za spika zote mbili hubeba umeme kutoka kwenye redio. Usiunge hata mmoja kwenye bodi ya gari, utaua redio.

Ya kumuuliza fundi

Mafundi wetu wengi ni wazuri, na wanafanya kazi juani, bila michoro ya umeme, kwa malipo ambayo sisi tungeyakataa. Lakini anayelipa ana haki ya kujua. Muulize, "Fundi, utakata soketi au utatumia waya wa kati?" "Njano na nyekundu zinakwenda wapi?" "Fyuzi ya redio iko wapi na ni ampea ngapi?" "Maungio utayachomea?" Atakayekujibu kwa utulivu mpe kazi. Atakayesema "wewe subiri tu utaona", msubirie mbali.

Redio ya zamani ukiitoa, ondoka nayo pamoja na skrubu zake, iweke kwenye boksi nyumbani. Hata ikiwa imekufa, ina leza, mipira na soketi ambazo mwenye gari kama hilo anazitafuta.

Mwisho, malipo. Kubalianeni mapema na fundi kwamba sehemu ndogo ya pesa inabaki. Kazi ikiisha, egesha gari na usiliwashe kwa siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne zungusha funguo. Likiwaka bila kusitasita, nenda kamalizie salio lake.